Fahamu: Kwa nini parachichi hai la Njombe haliitwi "hai" Guangzhou?

Wafanyabiashara wanawake wa Kariakoo wamezoea kufuata nguo Guangzhou, China. Sasa wanaweza pia kupeleka mazao: Novemba 2022 Tanzania ilisaini mjini Beijing makubaliano ya kuuza parachichi China, na tangu Desemba 2024 mazao yake hayatozwi ushuru wa forodha huko.

Kikwazo ni nembo.

Kilimohai, alama ya mazao hai ya Afrika Mashariki tangu 2007, haitoshi huko. China hudai cheti chake yenyewe, na kila bidhaa hai hubandikwa namba ya tarakimu 17 ili mnunuzi aihakiki.

Kwa mama mwenye ekari moja, gharama za cheti hicho hazibebeki. Lakini katika kikundi, wanawake hukusanya mzigo wa kujaza kontena lenye ubaridi na kumkabili mnunuzi kwa bei moja.