Maneno Yaliyo Kando ya Picha

Lango la kiwanda linafunguka, wafanyakazi wanamiminika nje. Wengi ni wanawake, sketi ndefu, kofia pana. Mwanamume anapita na baiskeli, mbwa anarukaruka katikati ya watu. Kabla sekunde 50 hazijatimia, picha imekwisha. Louis Lumière aliipiga filamu hiyo mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1895, na tarehe 28 Desemba mwaka huohuo filamu hiyo ndiyo iliyofungua onyesho la kulipia la ndugu Lumière katika mkahawa wa Grand Café, Paris.

Mkazi wa Lubumbashi, huko Katanga nchini Kongo, hana haja ya kufasiriwa picha hiyo. Mji wake wenyewe ulizaliwa langoni mwa kiwanda. Reli kutoka kusini iliufikia mwaka 1910, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, na mwaka 1911 tanuri la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga likamwaga shaba yake ya kwanza. Bomba la moshi na kile kilima cheusi cha masalia ya madini vimesimama hadi leo, na vizazi kadhaa vimehesabu saa zao kwa king'ora cha kazi.

Jambo moja katika filamu ya Lyon halifai kupitwa haraka. Aliyeshika kamera alikuwa mwenye kiwanda, na waliopigwa picha walikuwa vibarua wake. Sinema ilianza na tajiri akiwatazama watu wake wakitoka kazini. Anayetaka kuzionja filamu bubu za Ulaya, hasa akiwa Katanga, na aanzie hapo: nani anatazama, nani anatazamwa, na nani anasema kando ya picha.

Maana kusema kulikuwapo. Filamu hizi ziliitwa bubu kwa sababu utepe wenyewe haukubeba sauti, lakini ukumbini palikuwa na piano, na pengine bendi nzima. Katikati ya picha viliingizwa vibao vya maandishi. Na katika miaka ya mwanzo, Ufaransa na kwingineko, mtu alisimama pembeni ya kitambaa akiwasimulia watazamaji kinachoendelea. Afrika Mashariki inaijua kazi hiyo vizuri. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliwasimulia Watanzania filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Uganda wasimuliaji wa namna yake wamejaa kwenye vibanda vya video. Msimuliaji hatafsiri tu. Huongeza, hupunguza, humtania mhusika, na mwishowe filamu huwa yake.

Kongo ilipopigwa filamu, msimuliaji alikuwa kampuni. Mbelgiji Ernest Genval, mtunzi wa nyimbo aliyegeuka mpiga sinema, alizunguka koloni katika miaka ya 1920 kwa msaada wa makampuni na mwaka 1927 akatoa filamu bubu iitwayo Le Congo qui s'éveille, yaani Kongo inayoamka. Ni kazi ya mtu mwenye jicho, na haitakuwa haki kumnyima sifa hiyo. Lakini filamu za aina yake zilitengenezwa ili Mbelgiji wa Brussels aone fedha yake ikizaa. Mashine zinatajwa, tani zinatajwa. Mtu anayebeba mzigo hana jina. Genval mwenyewe alifia katika kambi ya Wanazi ya Dachau mwaka 1945. Mwaka 2010 Cinematek, hifadhi ya filamu ya Ubelgiji, ilitoa kazi zake kwenye DVD pamoja na za André Cauvin na Gérard De Boe. Mkatanga anayezitazama leo afanye kinyume cha walivyotaka waliozilipia: aache maandishi, atazame nyuso. Utepe unahifadhi hata kile ambacho mpigaji hakukikusudia, mathalani kijana aliyegeuka ghafla kuikazia macho kamera.

Haraka ile ya kuchekesha ya watu wa filamu za zamani pia isimdanganye mtu. Kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu 16 hivi kwa sekunde. Baadaye mitambo ya sauti ilipoweka mwendo wa fremu 24, watu wakaonekana wanakimbia. Ikionyeshwa kwa mwendo wake, filamu bubu inatembea kama mtu yeyote atembeavyo.

Anayepata jioni moja tu ya filamu bubu, basi atafute Der letzte Mann ya F. W. Murnau, ya mwaka 1924. Emil Jannings ni bawabu mzee wa hoteli kubwa ya Berlin. Koti lake lenye vifungo vinavyong'aa ndilo linalompa heshima mtaani anakoishi. Siku moja meneja anaona sanduku limemshinda nguvu, anamshusha hadi kazi ya chooni, na koti linavuliwa. Vibao vya maandishi karibu havipo kabisa. Mgongo wa Jannings ndio unaosema. Ulikuwa umenyooka kama mlingoti, sasa unapinda, mabega yanaingia ndani, na usiku mzee analiiba koti lake ili majirani wasijue. Mpiga picha Karl Freund aliifungua kamera kutoka kwenye miguu yake, akaishusha kwa lifti na kuipitisha ukumbini juu ya baiskeli. Kamera zote zinazotembea na mhusika siku hizi zina deni kwa filamu hii.

Na Lubumbashi ina sababu yake ya kuumizwa na koti hilo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa hiari, baada ya miezi mingi bila mshahara. Nyumba ambayo baba alirudi bila kitambulisho cha kazi inaijua filamu ya Murnau hata kama haijaiona.

Vichekesho vilisafiri kwa njia nyingine. Max Linder, Mfaransa wa kofia ndefu na mwendo wa bwana safi, alikuwa nyota kabla ya Charlie Chaplin, na Chaplin mwenyewe alimwita mwalimu wake. Mkondo huohuo ulifika Kasai katika miaka ya 1950, padre Albert Van Haelst alipotengeneza filamu za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Zilikusudiwa kufundisha adabu za kimisheni, na somo lenyewe limechakaa. Kilichobaki ni miili ya waigizaji wawili Wakongo wanaojua hasa wakati gani wa kuanguka.

Urithi wa filamu bubu ulio hai zaidi uko Lubumbashi kwenyewe. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapo mwaka 1978, ni mmoja wa waanzilishi wa Picha, kituo cha sanaa kinachoandaa biennale ya mji. Katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006 alikata vibarua wa kikoloni kutoka picha za hifadhi, nyeusi na nyeupe, akawasimamisha juu ya picha za rangi za magofu ya viwanda vya leo. Georges Méliès alikuwa akipachika watu hivyo tangu 1898, alipojiwekea vichwa vyake vinne kwenye fremu moja, ila yeye alitaka kushangaza. Kwa Baloji, waliopachikwa wanarudi mahali walipofanya kazi.

Kisha mwaka 2017 akatoa Tales of the Copper Cross Garden. Ni kiwanda tena, kama Lyon. Shaba ya moto inavutwa hadi kuwa nyaya, wanaume wanaizungukia kwa uangalifu, kwaya inaimba, na hakuna msimulizi anayeeleza tani wala faida. Mara kwa mara maandishi yanajitokeza kwenye kioo, kama vibao vya miaka ya 1920. Safari hii maneno hayo ni ya mwandishi V. Y. Mudimbe, mwana wa Likasi, akikumbuka jinsi wamisionari walivyomlea.