Upepo wa Tairi na Uwezo wa Ringi

Ilipokaribia safari yetu ya Lamu, tulilipeleka gari letu la mizigo kwa muuza matairi mjini Mombasa. Nyuma tungepakia magunia, na ndani wangeketi mama watoto na wajukuu wawili. Matairi ya zamani yalikuwa ya plai nane. Tukanunua ya plai kumi, saizi ile ile, tukaufurahia unene wake. Kijana aliyeyafunga akasoma ubavuni pauni 80, akavuta mpira wa upepo ili ajaze mpaka hapo. Fundi mmoja mzee, aliyeketi kando akinywa kahawa, akamzuia: "Umesoma ya tairi. Ya ringi umeyasoma?"

Tulinyamaza sote. Tumesoma mengi katika umri wetu huu, lakini nyuma ya ringi hatukupata kusoma.

Ringi ikageuzwa, ikapanguswa matope. Mlikuwa na maandishi yaliyogongwa katika chuma: uzito inaoweza kuubeba na, chini yake, kikomo cha pauni 65. Mzee akaeleza kwamba upepo hauishii kulishikilia tairi. Huisukuma na ringi pia, hasa kingo zake. Ikizidishiwa, kisha gurudumu litumbukie shimoni na mzigo juu yake, chuma huweza kupasuka kabla ya mpira. Basi tairi nene halimpi dereva ruhusa ya kuongeza upepo wala shehena, maana ringi ni ile ile ya jana. Hata valvu ina kikomo: ile ya kawaida ya mpira haikuundwa kupita pauni 65. Afuatwe aliye dhaifu kati ya watatu hao.

Wasomaji wetu, hasa akina mama mnaowabeba watoto kila asubuhi, fahamuni kwamba nambari ya ubavuni ni mpaka wa juu kabisa, si agizo la kujaza. Agizo limo katika kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mbele kiasi gani na nyuma kiasi gani. Kibandiko hicho kilikusudia matairi ya asili. Mkibadilisha aina, mwulizeni fundi swali la yule mzee, na ringi isiyo na maandishi isibahatishwe.

Kipimo cha upepo si ghali, nasi tulikinunua siku hiyo hiyo. Tulipima baada ya sala ya alfajiri, gari halijasogea, kwa kuwa vipimo vyote hivi ni vya tairi lililopoa. Likishakwenda, joto huupandisha upepo, na anayeupunguza wakati huo hujikuta na tairi legevu likipoa.

Tulipofika Garsen jua lilikuwa utosini. Kijana wa kituo cha mafuta akapima, akaona pauni tano zimezidi, akainama kuzitoa. Mama watoto akamkataza kabla sisi hatujafungua kinywa.