Korona na Kisukari Mpakani Busia na Tororo

Virusi vya korona na ugonjwa wa kisukari huchocheana. Mwili ukishambuliwa na virusi hutoa homoni za kukabili maradhi, na homoni hizo huchochea ini kumwaga sukari kwenye damu huku zikidhoofisha kazi ya insulini. Kongosho la mtu mwenye afya huongeza insulini, mambo yakatulia. La mwenye kisukari haliwezi, basi sukari hupanda hata kama tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Ikishapanda, chembe nyeupe za damu hulegea, damu huganda kwa urahisi mishipani, na virusi hupata nafasi mapafuni.

Madhara yake yalipimwa. Takribani theluthi moja ya waliokufa kwa korona katika hospitali za Uingereza kati ya Machi na Mei 2020 walikuwa na kisukari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilichambua takwimu za nchi 13 za Afrika: katika kila wagonjwa 100 wa korona wenye kisukari walikufa 10, ilhali kwa wagonjwa wote kwa jumla walikufa wawili au watatu.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Uganda tarehe 21, na mpaka ukafungwa kwa wasafiri. Busia ni mji mmoja uliokatwa na mstari wa mpaka huo. Watu wake wamezoea kuvuka kwenda sokoni, kwa jamaa, hata kutafuta dawa. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini madereva walipimwa kwanza, na foleni za Busia na za Malaba, wilayani Tororo nchini Uganda, zikarefuka kwa kilomita nyingi. Dereva mwenye kisukari aliyelala siku kadhaa ndani ya lori alikula kilichouzwa kando ya barabara: chai ya sukari, mandazi, soda. Chupa ya insulini nayo ilikaa kwenye joto la kebini, na insulini iliyopigwa na joto kali hupoteza nguvu bila kubadilika sura.

Vijijini shida ilikuwa usafiri. Uganda ilizuia bodaboda kubeba abiria, kazi ambayo jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani, na mgonjwa aliyetaka kwenda hospitali kwa gari alihitaji kibali cha mwakilishi wa rais wilayani. Ni jambo la kusikitisha: mtu aliyeambiwa akae nyumbani ajikinge na virusi alikuwa huko huko nyumbani akiishiwa dawa. Hata dawa ikipatikana, lazima itunzwe: kwa asiye na jokofu, insulini hutunzwa ndani ya chungu kilichowekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini.

Katika Tororo, ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku, homa hudhaniwa kwanza kuwa malaria, hivyo korona huweza kuchelewa kutambuliwa. Tena, kwa mwenye kisukari, sukari ikizidi sana bila insulini ya kutosha, damu hujaa asidi. Mgonjwa hushikwa na kiu, hukojoa mara kwa mara, hutapika, kisha hupumua kwa kasi huku pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva. Kupumua huko hufanana na kule kwa mgonjwa wa korona, na magonjwa yote mawili huweza kumpata mtu kwa pamoja. Kwa hiyo anayehema vile anahitaji kupimwa sukari pia, na mwenye kutumia insulini asiiache hata akishindwa kula. Apime sukari mara nyingi zaidi, anywe maji na awahi hospitali.

Juni 2020 ilithibitika kwamba dawa ya deksamethasoni hupunguza vifo kwa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni. Dawa hiyo hupandisha sukari. Wodini insulini hurekebishwa. Anayeimeza nyumbani, wala hahitaji oksijeni, huongeza sukari bila faida.

Chanjo zilianza Machi 2021 katika nchi zote mbili, lakini zilikuwa chache. Juni mwaka huo wimbi kali lilirudi, na Busia ya Kenya ikawa miongoni mwa kaunti 13 za magharibi zilizowekewa kafyu ya saa moja jioni.

Baadhi ya watu hugundulika kuwa na kisukari baada ya kuugua korona. Wengine walikuwa nacho zamani bila kujua. Ndiyo maana aliyepona hushauriwa apimwe sukari, hasa akiona kiu isiyokwisha au uzito unaopungua. Kipimo chenyewe ni tone la damu kutoka ncha ya kidole, na jibu hutoka kabla ya dakika moja kwisha.