Je, Tutengeneze Kitelezi?

Mwaka jana, mwezi wa nane, atelie yetu ilipata kazi ya madawati 60 ya shule. Madarasa yangefunguliwa mwezi wa tisa, na kila dawati lilihitaji mbao fupi nne za kukingama, zinazoshika miguu isilegee. Hesabu yake si ngumu: mbao 240, kila moja ina ncha mbili, basi ncha 480 za kukata, zote kwa pembe mraba, zote kwa kipimo kimoja. Fundi akikosa ncha moja, dawati moja litayumba. Akizikosa zote, madawati yote yatayumba, na mwenye kazi atayakataa mbele ya watu.

Mashini ya msumeno wa meza tunayo. Wasomaji ambao hawajaiona wafikiri meza ya chuma yenye ufa katikati, na katika ufa huo msumeno wa mviringo unazunguka, mota yake ikiwa chini. Msumeno wetu una kipenyo cha milimeta 250, nao huzunguka mara 4,000 hivi kwa dakika. Maana yake meno yake hukimbia zaidi ya kilometa 180 kwa saa, mbio ambazo hakuna motokari inayozithubutu katika barabara zetu.

Mashini hii ni hodari ya kupasua ubao kwa urefu wake. Ubao huegemea kiegemeo cha chuma kilicho sambamba na msumeno, ukasukumwa polepole, ukatoka umenyooka. Lakini kukata ubao kwa kukingama ni jambo lingine kabisa. Ncha fupi haina mahali pa kuegemea vizuri, nayo hupenda kugeuka.

Vijana wetu wawili, kwa haraka ya kazi, walitafuta njia ya mkato. Walikisogeza kiegemeo cha chuma hadi sentimeta 30 kutoka msumeno, wakawa wanagusisha ncha ya ubao hapo ili kupata kipimo, kisha wanausukuma ubao kwa mikono mitupu. Vipande kumi vya kwanza vilitoka salama. Cha kumi na moja, kilipokatika tu, kilibanwa kati ya kiegemeo na msumeno, kikageuka kidogo, meno ya nyuma yakakishika na kukirusha. Kilipita karibu na sikio la kijana mmoja kikagonga bati la ukuta. Bati lilibonyea, na alama ile ipo hata leo. Tulizima mashini, na siku ile hatukuiwasha tena.

Jioni tukaketi kushauriana. Wengine walisema: tutengeneze kitelezi. Mzee wetu, aliyeshika randa kabla wengi wetu hatujazaliwa, alikataa.

Kitelezi ni kitu gani? Ni ubao mpana wa tripleksi. Sisi tulifikiria wa sentimeta 90 kwa 60, unene milimeta 12. Chini yake hutiwa reli mbili za mbao ngumu, zinazoingia katika mifereji miwili iliyochongwa katika meza ya mashini, sambamba na msumeno. Juu yake husimamishwa mbao mbili nene. Ile ya mbele hushika tu tripleksi isigawanyike msumeno ukishapita. Ile iliyo upande wa fundi ndiyo kiegemeo, nayo haina budi kuwa katika pembe mraba na njia ya msumeno. Kipande cha kukatwa huwekwa mbele ya kiegemeo hicho, kisha kitelezi kizima husukumwa, na kipande husafiri ndani yake kama abiria. Hakiburuzwi juu ya chuma, wala hakigeuki. Kizuizi kidogo hufungwa kwa kibano kwa ajili ya kipimo. Na kwa kuwa kizuizi chenyewe husafiri pamoja na kipande, hakuna kitu kinachobanwa na kurushwa.

Mzee alisikiliza yote, kisha akasema: «Wanangu, msumeno wa mkono haujamrushia mtu ubao usoni.»

«Ni kweli, Mzee,» tukamjibu, «lakini ncha ni 480.»

Tukahesabu. Kwa mkono, kupima, kuchora kwa ekeri na kukata, tulikadiria dakika tatu kwa kila ncha: saa 24 nzima. Kwa kitelezi, nusu dakika: saa nne, na siku moja ya kukitengeneza. Tena umeme wetu huja na kwenda upendavyo, na mafuta ya jenereta hununuliwa. Saa nne za mashini ni afadhali kuliko siku mbili.

Mzee hakutikisika. Alituuliza kama tunajua kwamba kifuniko cha msumeno hakina budi kuondolewa ili kitelezi kipite. Akauliza pia msumeno utatokea wapi mwisho wa safari. Utatokea nyuma ya kiegemeo, mahali palepale vidole gumba vinaposukuma! Jambo hili si la kuchezea. Huko Marekani, ambako mashini hizi zimejaa hata katika nyumba za watu, wakuu wa serikali walikadiria kwamba mwaka 2015 watu zaidi ya 30,000 walitibiwa hospitalini kwa kuguswa na msumeno wa meza. Mwamerika mmoja, Stephen Gass, alibuni mwaka 1999 njia ya kuufanya msumeno uhisi mwili wa mtu na kusimama papo hapo. Mashini ya namna hiyo sisi hatuna. Kwa hiyo tulikubaliana kugandisha gogo dogo la mvule nyuma ya kiegemeo, ili msumeno ukitokea uishie ndani ya mti, na kuweka kizuizi chini ya meza ili kitelezi kisipite hapo. Mikono ingeshika pembeni, mbali na gogo.

Neno lake la mwisho ndilo lililotutia mashaka. Alisema mkono wa mtu hukosa mara moja ukajirekebisha, bali kitelezi kilichopinda kitakosa mara 480 bila kuchoka. Alisema kweli. Tulimwomba atupe siku moja tu: kikishindwa katika majaribio, tutachukua misumeno ya mikono sote.

Reli tulizichonga kutoka mvule mkavu, maana ubao mbichi husinyaa kwa upana wake unapokauka, ukalegea katika mfereji. Kiegemeo tulikifunga kwa bolti upande mmoja na kwa skrubu moja tu upande mwingine, ili kiweze kusogezwa. Ekeri ilituambia kila kitu ni sawa.

Lakini ekeri ndogo haioni mbali. Yako majaribio yenye ukali zaidi. Chukua kipande cha tripleksi cha sentimeta 50 hivi kila upande. Kata upande wa kwanza. Ugeuze upande uliokatwa uguse kiegemeo, kata wa pili. Endelea hivyo hata pande zote nne. Kisha kata tena ule wa kwanza, utoe utepe mwembamba, upime upana wake katika ncha zote mbili. Kosa lako limeongezeka kila ulipogeuza, kwa hiyo tofauti unayoiona ni kosa mara nne. Utepe wetu ulitofautiana milimeta 4.8. Gawa kwa nne: milimeta 1.2 katika urefu wa 500. Kiegemeo chetu kilikuwa na milimeta 600 kutoka bolti hata skrubu, basi kilipaswa kusogezwa milimeta moja na nusu hivi.

Tukakisogeza upande usiofaa. (Mzee alikuwa akitazama, wala hakusema neno.) Utepe wa pili ulikuwa mbaya karibu maradufu. Tukarudi, tukakisogeza upande wa pili, na safari ya tatu tofauti ilikuwa milimeta 0.8, yaani kosa la 0.2 katika 500. Mguu wa dawati wenye sentimeta 70 ungeinama chini ya theluthi ya milimeta. Mzee aliuchukua utepe, akaupitisha kati ya vidole vyake, akasema tukate.

Tusimdanganye msomaji: kitelezi si cha kila atelie. Mwenye kutengeneza mlango mmoja kwa mwezi asipoteze tripleksi yake. Jirani yetu anayo mashini iliyoungwa na mchomeleaji, meza yake bamba la chuma lisilo na mifereji, na kingo zake hazilingani na msumeno. Huyo tulimshauri aache kabisa. Ulaya mafundi wengi hawakihitaji, kwa sababu meza yenyewe huteleza: mwaka 1906 huko Berlin, Mjerumani Wilhelm Altendorf aliunda mashini ya namna hiyo, na viwanda vingi vimefuata mfano wake. Bei yake si ya kwetu.

Hata kwetu kitelezi kilituacha njiani. Msumeno wetu hupanda milimeta 80 juu ya meza. Ondoa 12 za tripleksi, zinabaki 68. Miguu ya madawati ilikuwa na unene wa 70. Basi mbao 240 zilikatwa kwa kitelezi katika siku mbili, kwani umeme ulikatika mara tatu, na miguu yote 240 Mzee aliikata kwa mkono pamoja na kijana yule aliyekoswa na kipande. Walikuwa wangali wanakata sisi tulipokuwa tumekwisha kufagia.

Sasa kitelezi kinaning'inia ukutani, chini kidogo ya bati lililobonyea. Reli zake hupakwa nta ya mshumaa kila Jumamosi, na utepe hukatwa na kupimwa upya kila mvua zinapoanza.