Ulimi wa Obo Tunauchonga Nyumbani

Binti yetu hupiga obo, ile zumari ya Kizungu, na ndimi zake za matete zilikuwa zikimaliza pesa za mboga. Ulimi mmoja huchoka baada ya wiki chache tu. Basi tukaketi naye mezani kujifunza.

Tete, ambalo lile la kusini mwa Ufaransa ndilo lisifiwalo, huchongwa hadi unene wa karibu milimita 0.6, hulowekwa, hukunjwa na kufungwa kwa uzi kwenye mrija mdogo. Kisha ncha hukatwa. Kazi ni kukwangua: ukizidisha kidogo tu, umeuua! Tuliharibu tisa. Wa kumi ulilia kama bata, baba akacheka, binti akaupeleka shuleni vivyo hivyo.