Nusu saa bila kuandika neno

Sisi tuliosomea shule za hapa kwetu tunajua insha inavyoanza. "Wahenga hawakukosea waliponena," kisha methali, maana ya methali, halafu kisa cha kijana mtukutu aliyeponzwa na marafiki. Mwalimu anaweka vema, tunaenda mapumziko. Nilidhani silaha hiyo ingenitosha popote, mpaka nilipoikuta karatasi ya insha ya mtihani wa utumishi wa umma wa India.

Mtihani wenyewe unaendeshwa na tume inayojulikana kwa kifupi kama UPSC, na ndio mlango wa kuwa mkuu wa wilaya, afisa wa juu wa polisi au mwanadiplomasia. Mwaka 2023 waliomba watu zaidi ya milioni 1. Waliofanya mtihani wa awali, ule wa kuchagua jibu, walikuwa kama 592,000. Waliovuka kwenda mtihani mkuu, 14,624. Walioitwa kwenye usaili, 2,855. Majina yaliyotoka mwishoni, 1,016. Anayelalamika kwamba usaili wetu wa mchujo una msongamano azisome tarakimu hizo polepole.

Insha ndiyo hufungua mtihani mkuu. Ni dakika 180 kwa insha mbili, kila moja maneno 1,000 hadi 1,200, kwa kalamu na mkono wako. Kuna sehemu mbili, kila sehemu mada nne, unachagua moja moja. Alama ni 250. Karatasi hii iliingizwa mwaka 1993, na kwa miaka mingi iliomba insha moja tu. Ya pili iliongezwa mwaka 2014. Unaruhusiwa kuandika kwa Kiingereza au kwa lugha yoyote kati ya 22 zinazotambuliwa na katiba ya nchi hiyo, iwe Kihindi, Kitamil au Kibengali. Hapo sisi wenye Kiswahili tungekuwa na mengi ya kusema, lakini nisitoke nje ya mada. Wasahihishaji hawapendi.

Palipo na mtihani wa namna hiyo, madesa hayakosi. Vitongoji vya Old Rajinder Nagar na Mukherjee Nagar, mjini Delhi, vimegeuka miji ya tuisheni. Kuna nakala za majibu ya waliofaulu, kuna vijitabu vya maneno ya Gandhi, Tagore na Ambedkar yaliyopangwa kwa mada, tayari kuchomekwa. Vijana hukodi meza katika maktaba za kulipia, na nyingine zilikuwa chini ya ardhi. Julai 2024 maji ya mvua yalifurika katika chumba kimoja cha chini kilichotumika kama maktaba, na wanafunzi watatu wakafa humo.

Tatizo la desa ni kwamba mada zimehama. Zamani ungeweza kubahatisha kwamba itakuja demokrasia, wanawake au utandawazi, ukaenda na insha kichwani kama mzigo uliofungwa jana. Miaka ya karibuni maswali mengi ni ya kifalsafa. Mwaka 2022 mada mojawapo ilidai kwamba msitu ndio mfano bora wa kujifunzia ubora wa uchumi. Mwaka uliofuata ikaja nyingine iliyofananisha kufikiri na mchezo usioanza mpaka timu pinzani iwe uwanjani. Utamkariri nani hapo? Maelekezo ya tume yenyewe ni mafupi: usiiache mada, panga mawazo, usirefushe, sema kwa usahihi. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hushauri dakika 20 au 30 za mwanzo zipite kwenye rasimu tu, jirani akiwa ameshajaza ukurasa wa pili. Kwa maoni yangu huo ndio mtihani wenyewe: kuvumilia mlio wa kalamu za wenzako.

Jumamosi iliyopita nilijifungia chumbani na mada ya msitu, simu nikaitegea dakika 90. Sikuvumilia hata tano. Nikaanza na wahenga, nikaja kwa Mwalimu Nyerere, nikageukia mabadiliko ya tabianchi, kurasa mbili zikajaa. Nilipozisoma nikaona zingefaa vilevile kwa mada ya maji, ya elimu au ya usalama barabarani.

Nikaweka kalamu chini, nikaukumbuka msitu wa Amani, kule Usambara. Msituni hakuna jalala. Jani linaanguka, uyoga unalila, mti unalitumia tena. Mti mkubwa ukianguka, mwanga unafika chini na miche iliyodumaa miaka mingi inafyatuka. Basi uchumi usiokubali kampuni kubwa ianguke unawanyima wadogo jua? Hilo lilinifurahisha, mpaka nikamwita mpinzani kichwani mwangu. Akasema: miche mingi hufia kivulini na msitu haujali, hauna hazina wala hospitali. Tena hapohapo Amani, mwaka 1902, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti, wakapanda miti ya kwinini na mazao mengine ya biashara. Nao waliutazama msitu wakaona uchumi. Sasa nilikuwa na insha, ila saa ilikuwa imekwenda.

Jioni nilimpelekea jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lete."

Alisoma amevaa miwani ya kusomea, kidole kikifuata mistari. "Wahenga umewataja mara ngapi?"

"Mara tatu, Mwalimu."

"Na msitu, katika kurasa mbili za kwanza?"

Nilihesabu. Mara moja, tena kwenye kichwa cha insha. Akafungua kalamu nyekundu, ambayo bado anatembea nayo mfukoni, akapiga mstari wa mshazari ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Alipofika kwenye uyoga kalamu ikatulia. Alisoma mpaka pale sentensi ilipokatika katikati, simu ilipolia, akanitazama juu ya miwani.

"Na ile ya pili iko wapi? Si umesema ni mbili?"