Pikipiki Isiyo na Maji "Inapochemsha"

Katika kamusi, kuchemsha ni kukifanya kitu cha majimaji kitokote. Fundi wa pikipiki naye husema "injini inachemsha" hata kama injini hiyo haina tone la maji. Anayetafsiri maneno ya fundi lazima ajue anatafuta nini, maana neno hilo moja hubeba hitilafu kadhaa.

Mfano wetu unatoka Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, Zambia. Lugha kuu huko ni Kibemba, ila Kiswahili huvuka ziwa pamoja na wafanyabiashara wa Kilwa (ya Kongo, si Kilwa Kisiwani), ambao plagi huiita buji na petroli esansi.

Tuseme pikipiki ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Injini yake hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda. Mwenyewe amefunga silinda ya 150: kipenyo kimepanda kutoka milimita 56.5 hadi 62. Boksi la chujio la hewa ameling'oa. Anabeba magunia ya chisense, dagaa wa ziwa hilo, akipita mchangani kwa gia ya kwanza na ya pili. Punde nguvu zinapungua na injini inagonga. Akiendelea, pistoni itang'ang'ania ndani ya silinda na gurudumu la nyuma linaweza kukaza ghafla.

Kwanza oili, kwa kuwa kuipima hakugharimu kitu. Injini hii huchukua takriban lita 1. Kijiti huingizwa bila kukazwa, vinginevyo kipimo kitadanganya. Kisha matope yaondolewe kwenye mapezi, na breki zikaguliwe kama hazishiki.

Shahidi mkubwa ni plagi. Fundi huiendesha pikipiki kwa moto mwingi, huzima ghafla huku ameshika klachi, kisha huifungua. Rangi ya kahawia ni salama. Nyeusi yenye masizi maana yake petroli imezidi. Nyeupe ndiyo ya kuogopwa: hewa imezidi petroli, na mchanganyiko huo huwaka kwa joto kali. Akivuta choki kidogo na injini ikapata nguvu, jibu limepatikana. Kwa pikipiki yetu ningemshuku kwanza yule aliyeng'oa boksi la chujio, kwani hewa imeongezeka na jeti ya kabureta ni ileile. Lirudishwe, au jeti kubwa ifungwe. Pia apake maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo.

Plagi ikiwa ya kahawia na joto halipungui, itazamwe taimingi. Cheche ikichelewa, moto huendelea kuwaka hadi kwenye ekzosi. Hiyo nayo ikiwa sawa, basi silinda ya 150 imebebeshwa kuliko upepo unavyoweza kupoza kwa mwendo wa polepole, na magunia yapunguzwe.

Ziwa lipo karibu, na kishawishi cha kumwagia maji ni kikubwa. Chuma cha moto kikipata maji baridi huweza kupasuka. Izimwe, iachwe kivulini hadi mkono uweze kutulia juu ya silinda.